Paka Alilala Kwenye Unga

Kila Jumamosi asubuhi, watoto wenzake wakiwa bado wamejifunika gubigubi, Msumari alikuwa ameshavaa aproni. Kazi haikuwa yake, ilikuwa ya mama yake, lakini ukimuuliza anakwenda wapi alikujibu bila kupepesa macho, "Nakwenda kazini," na mama yake alimwacha aseme. Mama alikuwa mkandaji wa unga katika bekari ya mtaa wao. Msumari, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi moja tu humo ndani: kupaka mafuta vibati vya kuokea, chini na pembeni, mkate usije ukagoma kutoka.

Msumari si jina aliloandikishwa shuleni. Alipewa na bibi yake siku alipokaa katikati ya mlango, akiwa bado mtoto wa kutambaa, akakataa katakata kuinuka, watu wazima wakawa wanamruka kama dimbwi. "Huyu ukimgonga ndiyo anazidi kuzama," bibi alisema, na jina likaganda.

Bekari ilikuwa chumba kirefu chenye dari lililopigwa na moshi hadi kuwa jeusi. Katikati palikuwa na meza ya mbao iliyolika kwa kukandiwa, mwisho wa chumba lilikaa tanuri, na upande wa kushoto ulikuwa mlango wa stoo ya unga. Mwenye bekari aliitwa Bosi na kila mtu. Alikuwa na sauti nene, mikono ya kuchapa kazi, na udhaifu mmoja ambao mji mzima uliujua: paka wake. Paka huyo aliletwa kukamata panya. Panya walikwisha zamani, yeye akabaki anakunywa maziwa na kuzungukazunguka akiwakagua wafanyakazi, ndiyo maana wakambandika jina la Meneja. Bosi hakutaka kusikia neno baya juu ya Meneja. Kijana mmoja aliwahi kumpiga teke, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa nje anatafuta kazi nyingine.

Jumamosi hiyo mama alimwambia Msumari, "Kaniletee unga makopo mawili, mwanangu."

Msumari aliingia stoo. Pipa kubwa la unga lilikuwa limevunjika kifuniko, likafunikwa gunia tu. Alipolivuta gunia, alimwona Meneja ndani, amejikunja, amelala fofofo, na unga umebonyea chini yake kwa umbo la mwili wake. Manyoya yalikuwa yametapakaa. Na pembeni, karibu na ukingo, kulikuwa na kitu kingine ambacho paka hukifanya na kukifukia, ila safari hii alikifukia vibaya.

"Mama! Njoo uone!"

Mama alikuja mbio. Alitazama, akatupa jicho mlangoni, kisha akamshika Meneja mabegani akamtoa. Alichota unga wa juu kwa mikono miwili, akautupa kwenye ndoo ya taka, akachota tena, kisha akalirudisha gunia mahali pake.

"Hukuona kitu," alinong'ona.

"Nimeona, mama. Paka ame..."

"Nimesema hukuona kitu. Unataka nimwage unga?"

Watu husema hivyo mtu anapopoteza kazi, na Msumari alielewa vizuri. Alirudi kwenye vibati vyake akaendelea kupaka mafuta. Lakini asubuhi nzima aliuwaza unga ule, kwa sababu pipa lile ndilo lililotoa mkate wa shule yao. Kila siku saa nne, mwanafunzi mmoja mmoja alipewa kipande na kikombe cha chai. Yeye mwenyewe alikuwa akigombania vipande vya pembeni.

Wiki iliyofuata, mwalimu wa Kiingereza aliingia darasani akauacha mlango wazi makusudi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo.

"The door is open," alisema, akageuka. "Nimefanya nini hapo?"

"Umetuambia mlango uko wazi," darasa lilijibu.

"Nimewauliza?"

"Hapana!"

"Nimewaamuru?"

"Hapana!"

"Basi hiyo ndiyo sentensi ya taarifa. Ningesema *Is the door open?* ningekuwa nauliza. Ningesema *Close the door* ningekuwa natoa amri. Lakini sentensi ya taarifa haiulizi wala haiamuru. Inaliweka jambo mezani kama lilivyo. Kwa Kiingereza kiima kinatangulia, kitenzi kinafuata, na mwishoni unatia nukta. Unaposema, sauti yako inashuka na kutulia. Ukiipandisha kama mtu anayeomba ruhusa, msikilizaji atadhani wewe mwenyewe huamini."

Mkono ulinyooka. Ulikuwa wa Redio, jirani wa Msumari kwenye dawati, msichana ambaye hakuna habari iliyokaa tumboni mwake hata nusu saa. "Mwalimu, na mtu akisema uongo? Akisema *The door is closed* na mlango uko wazi?"

"Itakuwa bado sentensi ya taarifa. Kanuni za lugha hazimkamati mwongo. Kwa hiyo darasani kwangu naongeza sharti moja ambalo halimo kitabuni: useme ulichokiona kwa macho yako. Ijumaa, kama kawaida, mmoja wenu atasimama mbele ya shule na sentensi tatu. Wiki hii ni zamu ya Msumari."

Ilikuwa desturi ya mwalimu yule. Ijumaa asubuhi, shule nzima ikiwa mstarini, mwanafunzi alipanda juu ya kreti la soda lililogeuzwa na kusema sentensi zake tatu za Kiingereza. Wengi walisema mambo mepesi: jua linawaka, shati langu ni jeupe. Waliteremka wakapigiwa makofi, mambo yakaisha.

Msumari alipanda kreti. Pembeni, kwenye meza ya ofisi, trei za mkate zilikuwa zimeshafika zikiwa zimefunikwa kitambaa. Aliziona. Sentensi ya tatu aliyokuwa ameiandaa ilihusu viatu vyake, lakini ilimtoka kichwani, na ile aliyokuwa akiizuia wiki nzima ikaja juu.

"My mother bakes bread," alisema. "I grease the tins." Hadi hapo ni mama anayeoka mkate na yeye anayepaka vibati mafuta. Kisha akavuta pumzi. "The cat sleeps in the flour every day."

Kwanza walicheka. Kisha wale wakubwa wakawatafsiria wadogo kwamba paka hulala kwenye unga wa mkate kila siku, na kicheko kikafa mstari kwa mstari kuelekea nyuma. Macho yote yaligeukia zile trei. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alianza kulia.

Saa nne hiyo hakuna aliyekula mkate. Mwalimu mkuu aliamuru trei zirudishwe, watoto wakanywa chai tupu, na ilipofika saa sita matumbo yalikuwa yakinguruma darasani.

"Hongera," Redio alimwambia. "Umetushibisha Kiingereza."

Wengine hawakuwa na utani. Walimpita wakimsukuma kwa mabega, mmoja akamlilia "nyau!" hadi kona ya uwanja. Msumari alikaza shingo akaendelea kutembea, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Alipoitwa ofisini, alimkuta mwalimu mkuu anafuta miwani. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amesimama dirishani.

"Binti," mwalimu mkuu alisema kwa upole, "hakuna anayetaka kukuadhibu. Lakini Bosi ametuuzia mkate miaka mingi, na amekasirika. Jumatatu mstarini, unaonaje ukiigeuza ile sentensi iwe swali? Useme tu, *Does the cat sleep in the flour?* Ukiuliza, hakuna atakayeumia."

"Siulizi, mwalimu. Nilimwona."

"Au uweke *maybe* mbele. Labda. Inalainisha."

"Sio labda."

Mwalimu mkuu alimgeukia mwenzake kutafuta msaada. Mwalimu wa Kiingereza hakumpa. Alimsogelea Msumari akainama.

"Ulimwona?"

"Ndiyo, mwalimu. Jumamosi."

"Umesema kila siku. Hiyo kila siku umeitoa wapi?"

Msumari aliinamisha kichwa. "Niliona... ingesikika vizuri zaidi."

"Ni chuku," mwalimu alisema bila huruma. "Umelitia jambo la kweli chumvi, na sasa mtu akitaka kukukanusha ana pa kushika. Hiyo uifute wewe mwenyewe. Ile nyingine kama ni ya kweli, hapa ofisini hakuna mwenye mamlaka ya kukufutia."

Mwalimu mkuu alirudi kufuta miwani yake.

Jioni mama alirudi nyumbani na aproni yake mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliitundika msumarini, akaketi kitandani, akavua viatu polepole.

"Bosi amesema Jumatatu atakuja shuleni kwenu," alisema. "Nami niwepo. Wewe utapanda kwenye kreti lenu hilo ukatae maneno yako. Usipokataa, nitafute pengine pa kukandia. Na mahali pengine hakuna, mwanangu. Bekari mjini hapa ni hiyo moja."

"Mama, paka alikuwemo au hakuwemo?"

Mama alisimama akawasha jiko. "Menya vitunguu."

"Mama."

"Nimekwambia menya vitunguu! Unadhani mimi sina macho? Chakula hiki, hiyo sare yako, vinatoka wapi? Yule wa teke alisema hivi hivi kwamba ana haki. Leo anabeba mizigo stendi."

Msumari alimenya vitunguu akilia, na kwa mara ya kwanza alishukuru kwamba vipo. Alikuwa na hasira na mama yake, na papo hapo alimwonea huruma, na hakujua azipeleke wapi hizo mbili kwa pamoja. Alijiona amesimama kwenye kreti anasema *The cat does not sleep in the flour*. Ilikuwa rahisi, maneno machache tu. Kisha alimwona yule mtoto wa darasa la kwanza anatafuna mkate, na akajua hataweza kuyatoa mdomoni hata wamfanye nini.

Jumatatu Bosi alifika amevaa koti safi, amekunja mikono kifuani. Mama alisimama hatua chache nyuma yake, macho chini.

Msumari alipanda. Kidevu kilikuwa juu. Alisema kwa Kiswahili, ili hata walinzi na wapishi wasikie.

"Ijumaa nilisema paka hulala kwenye unga kila siku. Hiyo kila siku niliongeza. Sikuwa bekari kila siku, kwa hiyo sijui. Nilikosea, na ninaomba radhi kwa hilo."

Bosi alianza kutabasamu. Mwalimu mkuu alipumua.

"Nilichokiona ni cha Jumamosi ya kabla ya hapo," Msumari aliendelea. "Paka alikuwa amelala ndani ya pipa la unga. Na alikuwa amechafua. Hicho sikifuti."

"Mnamsikia?" Bosi alinguruma. "Ameshakiri mwenyewe kwamba aliongeza. Leo kaongeza kila siku, jana kaongeza paka! Mtoto akishaongopa moja..."

"Sikuongeza paka. The cat was in the flour." Sauti yake ilishuka mwishoni ikatulia. Hata yeye alishangaa ilivyotulia.

"Teremka!"

"Niteremke, nisiteremke, alikuwemo."

Uwanja ulivuma. Bosi alipandisha mkono kuwanyamazisha, akageuka nyuma kwa kujiamini. "Mama yake yuko hapa. Anafanya kazi kwangu, stoo anaijua kuliko mimi. Haya, mama Msumari, waambie. Kuna paka kwenye unga wangu?"

Msumari alimtazama mama yake. Hakumlaumu. Alishajua mama atajibu nini, na alishaamua kwamba hatamchukia.

Mama aliinua macho. Alijifuta mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa na unga.

"Alikuwemo," alisema.

"Umesemaje?"

"Alikuwemo, Bosi. Mimi ndiye niliyemtoa. Nikatupa unga wa juu, wa chini tukaukanda. Mtoto hakusema uongo. Nilimwambia anyamaze, naye ndiye aliyekataa."

Bosi aligeuka akaondoka uwanjani kwa hatua kubwa, na koti lake safi likanasa kwenye lango, akalivuta bila kutazama. Mama aliinama kidogo kwa walimu, akamfuata. Alikwenda kuchukua vitu vyake.

Siku hiyo Msumari hakusikia somo hata moja. Kengele ya kuondoka ilipolia alikimbia moja kwa moja hadi bekari na kukuta mlango umefungwa, mchana kweupe, tanuri likiwa halitoi moshi. Aliusukuma akaingia.

Pipa lilikuwa katikati ya chumba, limepinduliwa. Unga wote ulikuwa umemwagwa kwenye magunia ya taka, na Bosi alikuwa amepiga magoti, mikono ya shati imekunjwa, anasugua ndani ya pipa kwa brashi. Mama alisimama karibu na meza akiwa ameshika mfuko wake wa vitu. Mtu wa tanuri na mpeleka mikate walikuwa wamejibanza ukutani.

"Nawauliza tena," Bosi alikuwa akisema kutoka ndani ya pipa, na sauti yake ilivuma. "Nani alijua?"

Mtu wa tanuri alikuna kisogo. "Mimi nilimwona mara mbili hivi, Bosi. Mwezi uliopita."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa naokota manyoya tu," mpeleka mikate alisema. "Kabla sijafunga."

Bosi alitoa kichwa. Alikuwa na unga kwenye nyusi, na macho yake yalikuwa mekundu. "Na kila asubuhi nikiingia hapa nawauliza, mambo vipi? Mnanijibuje?"

"Shwari, Bosi," wote wawili walisema kwa pamoja, na wakaona aibu palepale.

"Shwari!" Bosi alitupa brashi chini. Meneja, aliyekuwa dirishani, aliruka nje. "Mwaka mzima nalishwa shwari. Kumbe watu mjini wanakula nini sijui kwa mikono yangu, kwa jina langu." Alimwona Msumari mlangoni. "Na wewe umekuja kuongeza nini?"

"Siongezi kitu," Msumari alisema. "Nimemfuata mama."

Bosi alimgeukia mama. "Huo mfuko unaupeleka wapi?"

"Nyumbani, Bosi. Ulisema nisipomkanya mtoto..."

"Najua nilichosema. Nikikufukuza wewe, nitabaki na nani? Na hawa wa shwari?" Aliwaonyesha wale wawili kwa kidole chenye povu la sabuni. "Nilikuwa nimewatisha wote, kwa ajili ya paka. Mtu akishawatisha watu wake, haambiwi tena ukweli, anaambiwa anachopenda, halafu anashangaa mambo yanamharibikia machoni pake. Kosa la paka ni la paka. Hili la kuwafunga midomo ni langu. Weka huo mfuko, shika brashi."

Mama aliuweka mfuko. Msumari aliutazama ukikaa juu ya meza, kisha akaketi palepale sakafuni.

Wiki hiyo bekari haikuoka kitu. Mapipa mapya yenye vifuniko vya kubana yaliletwa, stoo ikapakwa chokaa, na Meneja akahamishiwa banda la nje lenye sahani yake ya maziwa, akapiga kelele za kudai cheo chake, hakuna aliyemsikiliza. Mwalimu mkuu alikuja kukagua mwenyewe kabla ya kuruhusu mkate urudi shuleni. Siku uliporudi, watoto waliutazama kwanza, wakaunusa, kisha wakaanza kugombania vipande vya pembeni kama zamani.

Lakini jioni ile ya Jumatatu, walipomaliza kusugua pipa, mama na Msumari walirudi nyumbani pamoja, mikono ikinuka sabuni.

"Mama," Msumari aliuliza, "na kama Bosi angekufukuza?"

"Ningefukuzwa," mama alisema, bila kulainisha. "Tungehangaika sana, nisikudanganye. Na bado wewe ungekuwa umesema kweli. Mimi nilinyamaza nikidhani nalinda chakula chako. Kumbe mkate ule ule wewe ulikuwa unaula kila siku, saa nne, na mimi najua. Basi nisikilize, mwanangu. Ulichokiona kiseme kama ulivyokiona, usiongeze ili usifiwe, usipunguze ili upendwe. Na ukiwa mtu mzima, usingoje mpaka mtoto wako aje akusemee."